Sumu ya Tumboni na Mtindi wa Stoyna

Gorna Vidra, kijiji cha milimani huko Bulgaria, kina benchi moja tu la maana, nalo liko mbele ya duka la Gena, pembeni ya mashine ya kahawa iliyofungwa ukutani. Mengine yapo. Mawili yaliletwa juzijuzi kwa fedha za Umoja wa Ulaya, yana vibao vya shukrani na misumari inayong'aa, lakini hayakaliwi ila na paka. Kwenye benchi la Gena ndipo watu walipokuwa wakisubiri gari la kiwanda cha maziwa cha ushirika, zamani hizo kiwanda kikiwa hai na kijiji kikiwa na watoto wa kutosha timu mbili za mpira. Siku hizi kiwanda ni kuta nne na miti ya jozi iliyoota ndani, gari haliji, ila wazee wanaendelea kusubiri kwa mazoea, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi mkononi. Ijumaa hiyo harufu ya pilipili hoho zinazochomwa kuwekwa akiba ya majira ya baridi ilikuwa imetanda kila ua, na kila aliyeinusa alimkumbuka mtu wake aliyekufa.

Zapryan alikuwa ameketi katikati, bakuli la udongo liko pembeni yake limefunikwa kitambaa. Alikuwa mwashi kabla magoti hayajamkataa, na kijiwe kilimwita Jiwe. Kushoto kwake alikaa Profesa, ambaye maisha yake yote alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya msingi na hajawahi kukikataa cheo hicho. Kulia alikaa Dizeli, dereva wa trekta la ushirika, ambaye mpaka leo huzungumza kana kwamba kuna injini inayonguruma chini yake. Gena mwenyewe aliegemea dirisha la duka, kwa kuwa wateja hawakumsumbua.

Zapryan alikuwa anasubiri basi kutoka jiji la Plovdiv. Ndani ya basi hilo alikuwemo bintiye Zlatina. Tangu Stoyna, mkewe, afariki baridi iliyopita, Zlatina alimpigia kila wiki kumwambia maneno yale yale: Baba, njoo ukae na mimi, chumba kipo. Naye kila wiki alijibu vile vile: nyumba inakwenda kama mama yako yupo, kila jioni nakula mtindi wake, chumba mpe mtu mwingine. Huo mtindi ndio uliokuwa ushahidi wake wote. Mtindi wa huko hugandishwa kwa kijiko cha mtindi wa jana, na wa jana kwa wa juzi, kwa hiyo mbegu hiyo ikitunzwa haifi, inawazika wapishi wake mmoja baada ya mwingine. Ila Zapryan aliiua mwezi wa tatu. Stoyna alikuwa akichovya kidole cha mwisho kwenye maziwa na kuhesabu; kikianza kuuma, maziwa yako tayari kupokea mbegu. Zapryan naye alichovya, akahesabu, akahesabu tena. Kidole kilichochezea chokaa miaka arobaini hakikuuma. Alitia mbegu kwenye maziwa yaliyokuwa karibu kuchemka, na kulipokucha ndani ya bakuli mlikuwa na maji yenye mabonge. Jana Zlatina alipiga simu kusema anakuja, na kwamba anakuja na chupa tupu. Anataka mbegu ya mama.

— Haya, Jiwe, tema, alianza Dizeli. Jumatano ulikwenda kwa daktari. Kasemaje?

— Sukari imepanda.

— Si unameza vidonge?

— Nameza. Imepanda hivyo hivyo.

— Basi wanakuuzia chaki.

— Anasema ubaya hauko kwenye vidonge. Uko tumboni.

Profesa aliweka kikombe chini, dalili kwamba sayansi imeanza.

— Tumboni wapi?

— Utumboni. Anasema mna vijidudu humo, wengi kuliko watu wa dunia nzima. Wapo wema, wapo wabaya. Wale wabaya wakifa wanaacha maganda, na hayo maganda ni sumu. Ukuta wa utumbo ukiwa mzima, sumu inapita na takataka nyingine, inakwenda zake chooni. Ukuta ukichoka, inapenya inaingia kwenye damu.

— Ikishaingia?

— Mwili unadhani umevamiwa. Unawaka moto mdogo mdogo, mchana na usiku, bila homa wala kikohozi. Sasa katika vurugu hiyo insulini inabisha hodi, nyama za mwili hazisikii, hazifungui. Sukari inabaki nje inazurura kwenye damu. Ini nalo, badala ya kutulia, linamwaga nyingine.

Habari ya ukuta Zapryan aliielewa kuliko alivyopenda. Ameona kuta nyingi zikivuja, na hakuna hata moja iliyoanza kuvuja siku maji yalipoonekana sebuleni. Huanza zamani, mahali ambapo hakuna anayetazama.

— Na huo ukuta unachoshwa na nini? aliuliza Gena.

— Soseji. Mkate mweupe. Mafuta mengi hasa, maana ndiyo yanaibeba ile sumu mgongoni. Anataka nile maharage, kabichi, shayiri. Eti hicho ndicho chakula cha wale wema.

— Na mtindi?

— Mtindi ni mzuri, kasema. Ila si dawa.

Benchi likachafuka. Unaweza kumwambia mtu wa Gorna Vidra kwamba nyumba yake imepinda, akakuvumilia. Kumwambia mtindi si dawa ni kutafuta ugomvi.

— Huyo daktari ni wa wapi? aliuliza Dizeli.

— Wa Burgas.

— Wa baharini. Mla samaki atajua nini habari ya maziwa?

— Mwacheni daktari, alisema Profesa. Jambo lenyewe ni jepesi. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Mlidhani walikuwa wanasema nini? Sukari hiyo. Damu ikishakuwa nzito haipandi mlima, inarudi miguuni. Ndiyo maana watu wa bondeni hawaugui ugonjwa huu.

— Wanaugua, alisema Gena. Nimekwenda mazishi ya wawili.

— Hao walihamia kutoka huku.

— Profesa, wewe ulikuwa unafundisha watoto kuruka kamba.

— Na hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyepata sukari akiwa anaruka.

Dizeli akaona nafasi, akaingiza gia.

— Mnazunguka bure. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Tumboni, Dizeli. Tunazungumza tumbo.

— Nguo si ndiyo inafunika tumbo? Nisikilizeni. Vijidudu wa Jiwe walizaliwa lini? Enzi za ushirika. Walizoea kazi. Asubuhi maziwa ya kondoo, mchana maharage, jioni mtindi wa Stoyna. Zamu tatu, kama kiwandani. Leo unawapa nini? Soseji ya plastiki. Hawana la kufanya. Na mtu asiye na kazi anafanya nini?

— Anakaa benchi, alisema Gena.

— Anatoa sumu.

Hata Zapryan alicheka, ingawa jicho lake halikutoka barabarani. Profesa alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayelazimika kusahihisha insha nzuri.

— Umekaribia, lakini umeacha jambo kubwa. Wale wema hawakuachishwa kazi. Waliondoka. Mipaka ilipofunguliwa walikwenda Ujerumani.

— Vijidudu?

— Wanao walikwenda na nini kule, Dizeli? Si na matumbo yao? Kila kijana aliyepanda basi la kwenda Stuttgart aliondoka na vijidudu wenye nguvu, wa kuzaa. Hapa tumebaki na vikongwe, wanakufa tu na kutuachia maganda. Ndiyo ule msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjerumani amepona kwa matumbo yetu.

Walicheka sana, kisha kicheko kikaishia njiani. Dizeli ana wana wawili huko, na mjukuu anayemjibu simu kwa Kijerumani. Profesa shule yake ilifungwa kwa kukosa watoto, siku hizi ni ghala la kuni. Waliangalia barabara ambayo zamani, saa kama hizi, isingepitika kwa kondoo.

— Mnakumbuka gari la maziwa? alisema Gena. Lile la buluu. Dereva alikuwa anapiga honi kule kwenye mzunguko, nasi tunakimbia na ndoo, maziwa yanatumwagikia viatuni.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Dizeli.

— Yalikuwa maziwa.

— Maziwa yana maji humo ndani. Muulize Profesa.

— Fungua bakuli, Jiwe, alisema Profesa. Tunywe dawa kabla daktari hajaipiga marufuku.

Kila Ijumaa Zapryan alileta bakuli lile la Stoyna benchini, kama mkewe alivyokuwa akimpa alibebe, na kila Ijumaa tangu mwezi wa tatu ndani yake mlikuwa na mtindi wa dukani, wa vikombe vya plastiki, aliokuwa ameumimina humo na kuulainisha juu kwa mwiko wake wa uashi. Aliuchukua kwa Gena mwenyewe. Alimwambia ni wa paka. Aliondoa kitambaa, kijiko kikazunguka.

— Huyu Stoyna, alisema Dizeli akilamba ndevu. Mkono wake uko humu humu.

— Hauna mfano, alisema Profesa.

Gena alichukua kijiko chake, akameza, akasema ni kweli, hauna mfano. Zapryan aliona aibu iliyomfika masikioni. Lakini basi lilikuwa linakaribia, na mtu anayezama hachagui kamba. Alikohoa kidogo.

— Gena, ile mbegu mliyochukua kwetu, bado mnayo?

— Sisi? Yetu ilikufa siku nyingi, umeme ulipokatika wiki nzima. Sikujali. Nilijua nikitaka nitavuka barabara nikamwombe Stoyna.

— Na wewe, Dizeli? Mkeo alikuwa anagandisha.

— Aliacha. Alikuwa anaiacha kila baridi na kuichukua upya kwa Stoyna kila masika. Kwa nini utunze kitu ambacho jirani anacho daima?

— Ya kwangu niliila, alisema Profesa. Yote, na mwisho wake. Nilikuwa na njaa. Nikamwendea Stoyna kesho yake, akacheka, akanipa nyingine. Hiyo nayo niliila.

— Alikuwa hamnyimi mtu, alisema Gena. Mradi jua halijazama. Jua likizama hakupi hata umlilie, maana mbegu ikitolewa gizani inaondoka na baraka ya nyumba. Lakini mchana, hata ungekuwa umegombana naye jana. Anakunja uso, na kijiko anakujazia.

Zapryan aliwatazama mmoja mmoja. Kijiji kizima kilikula kutoka kwenye bakuli moja, na kila nyumba iliiacha mbegu yake ife kwa uhakika ule ule: Stoyna yupo. Hakuwa na haki ya kuwalaumu. Yeye alilala naye chumba kimoja, na uhakika wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote.

Basi lilisimama kwenye mzunguko. Zlatina akashuka peke yake, koti la mjini, mkoba begani na chupa tupu mkononi, imeoshwa mpaka inang'aa. Alimbusu babake mashavu yote mawili, akawasalimu wazee, akamuuliza Gena hali ya mgongo wake. Kisha akaliona bakuli.

— Bakuli la mama. Mmeniachia?

Zapryan alitaka kusema limekwisha. Profesa, kwa adabu tu, alikuwa tayari amempa kijiko. Zlatina alionja. Alikaa na kile kijiko mdomoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kumeza mtindi. Alikitoa, akakiweka ndani ya bakuli polepole.

— Baba, huu ni wa duka.

Zapryan alitazama mikono yake.

— Ni wa duka, alisema. Mbegu niliiua. Nilitia kwenye maziwa ya moto, kidole hakikusikia kitu. Ni tangu mwezi wa tatu. Nimekuwa nikikudanganya kwenye simu, na hawa nikiwadanganya mchana kweupe.

— Hawa hukuwadanganya, alisema Gena.

— Vipi?

— Jiwe, ndugu yangu, mimi ndiye ninayekuuzia. Paka gani anamaliza vikombe vinane kwa wiki? Na wewe paka huna.

— Tulijua tangu Pasaka, alisema Dizeli kwa sauti ndogo, kwake ngeni.

— Na mkasifu?

— Tungesema nini? Ulikuwa unalibeba hilo bakuli kwa heshima sana.

Zapryan alijaribu kukasirika, hasira ikagoma. Aliinamisha kichwa akisubiri bintiye aseme neno alilolijia. Sukari imepanda, mtindi ni uongo, jioni anakula soseji amesimama jikoni. Ushahidi wote ulikuwa mezani, na hakimu ameshika chupa. Lakini Zlatina hakusema habari ya chumba. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, chupa mapajani.

— Hata yangu ilikufa, Baba. Wiki mbili baada ya mazishi. Niliisahau juu ya friji, nikaikuta ina ukungu wa kijani. Nililia kama mtu aliyefiwa mara ya pili, halafu nikajiambia si kitu, ya Baba ipo.

— Haipo.

— Basi tufanye hivi. Mama aliipata kwa nani? Twende tukaombe huko.

Lilikuwa swali jepesi, na Profesa alifungua mdomo mara moja, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa.

— Ah, hiyo inajulikana. Aliipata kwa mama mkwe.

— Mama yangu hakuwa anatumia maziwa, alisema Zapryan. Yalimvuruga tumbo.

— Basi alikuja nayo, alisema Dizeli. Siku ya harusi, kutoka kwao.

— Alikuja na cherehani na sanduku la nguo. Mimi ndiye niliyelipakua lile gari. Mtungi haukuwemo.

— Nilidhani alipewa na mama yangu, alisema Gena. Lakini mama yangu kila mara alisema yeye ndiye aliyepewa na Stoyna.

— Kiwandani? alisema Profesa, na hata yeye alisikia jinsi neno lilivyotoka dhaifu.

Baada ya hapo hakuna aliyejaribu. Benchi lile lililojua vijidudu wanahamia wapi, na kwa nini damu haipandi mlima, lilimtazama Zapryan. Jibu lilikuwa lake. Alimwona Stoyna vizuri kabisa: anafunga mabakuli kwa blanketi la sufu, anaweka mkono juu yake kama mtu anayembembeleza mtoto, anakataza milango isibamizwe. Aliona mgongo wake, nywele zake zilipokuwa nyeusi na zilipokuwa nyeupe. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtu mmoja, aliyesimama mlangoni siku moja kabla jua halijazama, akamjazia Stoyna, bado msichana, kijiko cha kwanza. Mtu huyo hakuwa na uso.

— Sijui, alisema. Nimeula mtindi wake tangu tulipooana. Sikumwuliza hata siku moja.

Alisema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo iliyowafanya wengine wageuze nyuso. Hakulilia mbegu, mbegu hufa, hata za majirani wote zilikufa. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekaa nyumbani miezi yote hii akijiita mlinzi wa vitu vya mkewe, na hakujua hata vilikotoka.

Dereva wa basi alipiga honi kuwaita wanaoteremka mjini. Zlatina hakuinuka. Alikuwa amemshika babake mkono, ule wa chokaa, akiusugua kwa kidole gumba bila kuutazama. Zapryan aliendelea kusubiri aseme habari ya chumba.

— Hicho chumba chako, alisema Zapryan mwisho. Dirisha lake linaangalia wapi?

Dizeli alishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Gena akajifanya anapanga sigara kwenye rafu.

— Linaangalia barabara, alijibu Zlatina taratibu. Asubuhi jua linaingia mpaka kitandani. Lakini Baba, sijakuja kukuchukua kwa nguvu. Sukari tunaweza kuiangalia hata ukiwa huku.

— Sukari iache. Wewe ulikuwa unakaa naye jikoni mkizungumza. Mimi nilikuwa nakuja kula na kuondoka. Kuna mengi ya mama yako siyajui, na yeye nimechelewa kumwuliza. Nikikaa na wewe, nitauliza.